Jina Lililofichwa na Jina Lililopotea: Tahakiki ya Ukusanyaji wa Vinyago vya Wamakonde

Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hatujaacha kusema kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Usemi huo ni wa kweli, lakini ukweli wake haupimwi kwa hotuba. Hupimwa kwa namna tunavyovitunza vitu vilivyotoka mikononi mwa wazee wetu, na zaidi ya hapo kwa namna tunavyowakumbuka wale walioviumba. Makala haya yanahakiki jambo moja tu katika uwanja huo mpana: ukusanyaji na uchunguzi wa barakoa na vinyago vya Wamakonde, hasa katika wilaya za Newala na Masasi. Nitavipima vinyago vyetu kwa mizani ya watu wa mbali, yaani Wajapani, na panga za samurai wao.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Wajapani? Tumezoea kujilinganisha na Wazungu, na mara nyingi ulinganisho huo hutuacha na malalamiko matupu, kwa sababu Mzungu ndiye aliyekusanya na sisi ndio tuliokusanywa. Mjapani ameonja pande zote mbili. Vitu vyake vya jadi viliwahi kununuliwa kwa bei ya kutupa na kusafirishwa ng'ambo, na yeye mwenyewe leo ni mkusanyaji hodari wa vitu vya wengine. Hata vinyago vya Wamakonde vina nyumba yao huko: katika mji wa Ise lilijengwa jumba la makumbusho kwa ajili ya sanaa ya Wamakonde. Mtu aliyeunguzwa na moto huo huo ana la kutufundisha kuhusu namna ya kuuzima.

Mwaka mmoja, nchi mbili

Mwaka 1876 ni mwaka wa kukumbukwa Masasi. Ndio mwaka ambao Askofu Edward Steere, yule aliyejishughulisha sana na sarufi na ngano za Kiswahili, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi chini ya majabali ya Masasi, na makazi yao yakaanzishwa hapo. Kuanzia hapo mila za Wamakua, Wayao na Wamakonde zilianza kutazamwa na macho mapya, mengine ya upendo, mengine ya shaka, na mengine ya tamaa.

Mwaka huo huo wa 1876, Serikali ya Japani ilitoa amri ya kuwakataza samurai kutembea na panga hadharani. Samurai walikuwa tabaka la askari walioishi kwa posho ya mchele uliolimwa na wakulima. Hatuna sababu ya kuwalilia kwa kupoteza cheo chao. Lakini amri ile iliwaacha wahunzi na mafundi wengi bila kazi. Panga zilizorithiwa kwa vizazi ziliingia sokoni. Mapambo ya mipini na vikingio vya mikono, vilivyonakshiwa kwa dhahabu na fedha, vilinunuliwa na wageni na kupelekwa Ulaya na Marekani. Baada ya vita vya mwaka 1945 msiba ulirudi mara ya pili: majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zote zisalimishwe, na panga nyingi zikayeyushwa, zikatupwa au zikachukuliwa na askari kuwa kumbukumbu.

Basi Wajapani walifanya nini? Hawakuridhika na kulalamika. Mwaka 1950 walitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni, na sheria hiyo haikulinda vitu peke yake, bali na ufundi wa kuvitengeneza. Kuanzia mwaka 1955 walianza kuwatangaza mafundi walio hai kuwa wabebaji wa hazina ya taifa, na katika mwaka huo huo mhunzi wa panga Takahashi Sadatsugu akapewa heshima hiyo. Kisha kila upanga wa kale uliobaki nchini ulitakiwa uandikishwe na upewe cheti. Walimu nawaomba waliangalie jambo hili kwa makini: mwenye kutoa cheti hicho ni bodi ya elimu ya mkoa. Katika nchi ile, daftari la panga za kale liko mikononi mwa watu wa elimu.

Jina chini ya mpini

Uchunguzi wa upanga wa Kijapani huanzia mahali ambapo macho ya kawaida hayafiki. Kila upanga una msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, kama ilivyo kwa jembe letu. Mhunzi wa Kijapani huchonga jina lake juu ya msuka huo, na aghalabu huongeza mahali anapokaa na mwaka alioufua upanga. Akiisha kufanya hivyo, mpini huvishwa na jina likafichika. Mtu aweza kuubeba upanga huo maisha yake yote asilione. Lakini mjuzi anapotaka kuuchunguza, huchomoa kijiti kidogo kinachoushika mpini, akauvua, na mhunzi aliyekufa miaka mia sita iliyopita husema naye.

Hata kutu ya msuka haisuguliwi, kwa kuwa kutu hiyo ni ushahidi wa umri. Anayeisugua ili chuma king'ae huwa amefuta nusu ya historia. Tena ziko panga zisizo na jina. Masamune, mhunzi mashuhuri wa karne ya 13 na 14, aliacha kazi chache sana zenye jina lake. Panga za namna hiyo hutambuliwa kwa kusoma nyuzinyuzi za chuma na ule mstari mweupe unaotokea kwenye makali baada ya upanga kutiwa maji. Palikuwa na ukoo mmoja, ukoo wa Hon'ami, ambao kwa mamia ya miaka kazi yake ilikuwa kusafisha panga, kuzitambua na kuziandikia vyeti. Elimu hiyo haikutoka katika vitabu vya wageni. Ilitoka kwa wenyeji waliokaa na vitu vyao wakavitazama kwa subira.

Barakoa ya Newala na fundi wake

Sasa tuitazame barakoa ya Kimakonde kwa macho hayo hayo. Wengi wetu husema "kinyago cha Kimakonde" kana kwamba ni kitu cha aina moja, ilhali hata jambo la kwanza la kujifunza hapa ni kutofautisha. Wamakonde wa upande wa Msumbiji, kusini ya Mto Ruvuma, wanajulikana sana kwa barakoa ya kuvikwa kichwani kama kofia, iitwayo lipiko, na wingi wake mapiko. Wamakonde wa upande wetu wana barakoa ya kufunika uso. Wanayo pia ile kazi ya ajabu ya ubao wa kiwiliwili, wenye matiti na tumbo la mja mzito, ambao huvaliwa na mchezaji mwanamume anapoigiza mwendo na uchungu wa mama mtarajiwa. Mtaalamu wetu J.A.R. Wembah-Rashid, aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Taifa, aliandika mwaka 1971 kuhusu wachezaji hao wanaovaa barakoa, akitumia majina yao ya asili, isinyago na midimu. Jina la kwanza haliko mbali na neno letu la Kiswahili "vinyago".

Barakoa hizo huchongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji ataruka na kuzunguka nao juani. Mpingo, mti mzito unaozama majini, haufai kwa kazi hiyo. Nembo za usoni, ambazo zamani zilichanjwa katika ngozi ya watu wenyewe, huonyeshwa kwa michoro au kwa nta iliyobandikwa. Barakoa ya mwanamke huwa na ndona, kile kipande cha kuvalia mdomo wa juu. Mtu akizijua alama hizi, barakoa huacha kuwa uso wa kutisha, ikawa maandishi: hueleza jinsia, umri, heshima na wakati.

Lakini haielezi jina la fundi. Hapa yafaa tuwe waangalifu tusije tukawadhulumu wazee. Jina halikukosekana kwa sababu ya uzembe. Barakoa ilikuwa mali ya jando na unyago, na yule aliyetokea amejifunika hakuwa fulani bin fulani mbele ya watoto na wasiotahiriwa. Alikuwa mgeni kutoka kwa wahenga. Lau jina la mchongaji lingalitangazwa uwanjani, siri ingalivunjika. Waswahili husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Basi ili kiwatishe na kuwafunza vijana, mchongaji alipaswa kujificha.

Hata hivyo, jina lililofichwa si sawa na jina lililopotea. Wakubwa wa jando walimjua fundi. Walijua ni nani katika kijiji gani mwenye mkono mwepesi wa kuchonga pua, na nani wa kuendewa ngoma inapokaribia. Jina lilikuwa chini ya mpini, nao walijua namna ya kuuvua. Barakoa ilipotoka Newala na kuvuka bahari, iliondoka bila watu hao. Ndipo jina, lililokuwa siri, likawa halipo kabisa. Leo ukiingia katika majumba mengi ya makumbusho ya ng'ambo, utasoma kadi fupi: "Wamakonde, Tanzania, mti". Ni kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja kwa mkono mmoja.

Wakusanyaji watatu

Walioziondoa barakoa hizo hawakuwa wa namna moja, na mhakiki wa haki hana budi kuwatenga.

Wa kwanza ni mtaalamu wa kigeni. Mfano wake mkubwa katika sehemu zetu ni Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliyetembea kutoka Lindi hadi Masasi na Newala mwaka 1906. Tuukumbuke mwaka huo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905 na moshi wake ulikuwa haujatulia. Misheni ya Masasi yenyewe ilikuwa imechomwa moto. Weule alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti juu ya mitungi ya nta, na chombo cha kupigia picha za sinema. Alinunua vitu, akarekodi nyimbo, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1908. Hatuwezi kusema hakufanya kazi. Wengi waliomfuata hawakufikia hata nusu ya bidii yake. Lakini aliyekuja kununua chini ya bendera ya utawala uliokuwa ukiwatia watu adabu kwa njaa na moto hakuwa mnunuzi mbele ya muuzaji huru. Bei ya kitu kilichouzwa na mtu mwenye hofu haijulikani.

Wa pili ni mfanyabiashara. Huyu huuliza swali moja tu: ni cha zamani? Kwa kuwa ndilo swali lake, amepata jibu analostahili. Wako wachongaji na wachuuzi waliojifunza kukifukia kinyago kipya ardhini, kukifukiza moshi, au kukiachia mchwa kidogo, kisha kukiuza kama cha babu. Wako waliopaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu ukaitwa mpingo. Mnunuzi analalamika kwamba ameibiwa, naye hakuwahi kujifunza kutofautisha uzito wa mpingo na uzito wa mti mwingine. Udanganyifu huota pale ambapo kumbukumbu hazipo.

Wa tatu ni sisi wenyewe, ambao tungepaswa kuwa wa kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza vitu vya namna hii kutolewa nchini bila kibali. Sheria ni njema, lakini haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyeandika kwamba kipo.

Barakoa iliyorudi kama zawadi

Ushahidi wa neno hilo tunao. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yalivunjwa na vitu kadhaa vikaibwa, ikiwemo barakoa ya Kimakonde. Mwaka uliofuata barakoa hiyo ilinunuliwa na jumba la Barbier-Mueller la Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kitaliani, Enrico Castelli, alilijulisha jumba hilo kwamba kitu hicho kilikuwa cha wizi. Mazungumzo yakaanza, yakakwama, yakaanza tena. Mwaka 2006 Tanzania ililifikisha shauri mbele ya kamati ya UNESCO inayohusika na urejeshaji wa mali za utamaduni. Mwezi Mei mwaka 2010, kwa usuluhishi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, mkataba ulitiwa saini mjini Paris na barakoa ikarudi nyumbani.

Miaka 26 ilikuwa imepita. Tena katika mkataba ule kitu chetu kilirudishwa kwa jina la hiba: jumba la Geneva lililitunuku jumba letu. Wanasheria watasema kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuukata ubishi, na labda wana haki. Lakini mwanafunzi na ajiulize, ni heshima gani kumpokelea mgeni kwa mikono miwili kitu ulichoibiwa?

Pamoja na hayo, barakoa hii ilikuwa na bahati. Ilikuwa mali ya jumba la taifa, na palikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba ni yetu. Je, zile zilizochukuliwa katika vijumba vya jando, au zilizouzwa usiku na kijana aliyehitaji fedha za nauli, nani atazidai? Atasimama mbele ya kamati gani, akiwa na karatasi gani mkononi?

Mafundi waliopata majina

Ipo hoja inayoweza kuletwa dhidi yangu, nayo ni nzito. Mjapani mmoja, Yanagi Soetsu, mwanzilishi wa jumba la sanaa za watu lililofunguliwa Tokyo mwaka 1936, alifundisha kwamba uzuri wa bakuli au kikapu cha kila siku unatokana na fundi asiyejulikana, asiyetafuta sifa. Je, kuandika majina si kuwafundisha wachongaji wetu majivuno? Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzuri wake. Lakini Yanagi alizunguka nchi yake wilaya kwa wilaya, akijua bakuli hili limetoka tanuri lipi na kikapu kile hutumika kwa kazi gani. Alimsifu fundi asiye na jina akiwa amekaa barazani kwake. Anayemsifu fundi asiye na jina bila kujua hata kijiji chake, huyo anausifu ujinga wake mwenyewe.

Tena historia yetu inaonyesha kwamba jina halikuharibu kazi. Hata kabla amri ya mwaka 1876 haijaua soko la mapambo ya panga, fundi Kano Natsuo alikuwa ameuhamishia ustadi wake kwenye sarafu za taifa lake. Hali kadhalika Wamakonde walipoanza kuchonga mpingo kwa ajili ya kuuza, walizaliwa mafundi wenye mitindo yao. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950. Yakobo Sangwani anahusishwa na ule mnara wa watu waliobebana, ambao baadaye tuliuita "Ujamaa". George Lilanga, mzaliwa wa Wilaya ya Masasi aliyefariki mwaka 2005, alitoka katika uchongaji akafika kwenye rangi, na kazi zake zikaonyeshwa Washington mwaka 1978. Kwa kuwa tunayo majina, twaweza kuhakiki: kusema huyu alianza hivi, yule akafuata, huyu alikosea pale. Bila majina hatuna uhakiki; tunabaki na mshangao tu.

Ulinganisho wangu una mpaka, nao lazima utajwe. Upanga wa samurai ulitengenezwa kwa tabaka moja, nao ulikuwa chombo cha kuulia. Barakoa ya Newala ilichongwa kwa ajili ya kijiji kizima, ili mtoto awe mtu mzima na amheshimu mama aliyemzaa. Kwa maoni yangu kazi ya pili ni tukufu zaidi. Ndiyo maana ni aibu kwamba kazi ya kwanza ndiyo iliyoandikiwa vyeti.

Kazi iliyo mbele ya shule

Basi nini kifanyike? Sipendekezi kujenga majumba makubwa ambayo hatuna fedha za kuyaezeka. Napendekeza daftari. Kila shule ya sekondari katika Masasi na Newala yaweza kuwa na daftari moja gumu, lenye mwalimu mmoja wa kulitunza. Mwanafunzi atakayekwenda likizo aulize nyumbani na kijijini, kisha aandike: kitu ni nini, kinaitwaje kwa lugha ya wenyewe, kimechongwa kwa mti gani na kwa chombo gani, ni cha ngoma ipi, nani alikichonga, alijifunza kwa nani, na nani anakitunza sasa. Picha ikipatikana ni vema; isipopatikana, mchoro wa penseli wenye vipimo watosha.

Kuhusu mambo ya siri, wakubwa wa jando na unyago waulizwe kwanza, na wakikataa neno fulani lisiandikwe, lisiandikwe. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mwana wa nyumbani na mwizi. Yawezekana kuandika jina la fundi aliyefariki pasipo kufichua yanayofanyika ndani ya jando. Yawezekana pia daftari likawa na kurasa ambazo wakubwa wenyewe ndio watakaoamua zifunguliwe lini na mbele ya nani. Mpini nao huvuliwa na mwenye haki ya kuuvua.

Walimu wa historia, wa Kiswahili na wa sanaa wasingoje waraka. Wazee wenye majina hayo vichwani hawatungoji. Kila mwaka msimu wa korosho ukipita, huwa tumekwisha kuzika baadhi yao, na pamoja na kila mmoja tunafukia orodha ya mafundi ambayo haipo Leipzig, haipo Geneva, wala haipo Dar es Salaam. Wanafunzi, chukueni kalamu mkawaulize wazee hao jina la fundi angali yupo anayelikumbuka.